TAHADHARI: "Seti kamili" ya kutoa busta ya breki ni bati na rodi tu

Wadau wa magari ya kumodifai, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu na "seti kamili ya breki bila busta" (busta ni lile pipa linalotumia mvuto wa hewa wa injini kuongezea mguu nguvu ya kukanyaga breki). Maneno matamu: gari linapungua uzito, nafasi inapatikana chini ya boneti, breki "zinakuwa za mashindano". Nilinunua. Nyie msinunue.

Shida yangu ilikuwa ya kweli. Nilifunga kemshafti kali (shafti ya kufungulia valvu za injini), na injini ya hivyo ikinguruma taratibu haivuti vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa, ya kutosha. Busta inataka kama inchi 16 hadi 18 za zebaki. Geji yangu ilikuwa inasoma 9. Kwenye foleni ukikanyaga mara ya pili, pedali inakuwa gogo. Ndiyo maana nikanasa.

Boksi lilipofika: bati la kuzibia tundu la busta, rodi yenye nati mbili, na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) nyeusi tii. Nikakwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka, chini kutu. Fundi akaingiza venia, kile kipimo cha kipenyo, ndani: milimita 25.4. Hiyo ni saizi ya kawaida ya gari lenye busta!

Kwa asiyejua ubaya wake uko wapi, fuata hesabu. Pedali ya gari la busta huwa na uwiano wa 4 kwa 1 hivi: kwangu, kutoka kwenye egemeo hadi pa kukanyagia ni sentimita 24, hadi kwenye pini ya rodi 6. Kanyaga kwa kilo 30, rodi inasukuma kwa 120. Kwenye masta ya 25.4 unapata kilo 24 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ukibadilisha pedali iwe 6 kwa 1 na masta iwe ya milimita 22.2, mguu uleule unatoa 46. Karibu mara mbili. Pedali itashuka zaidi, lakini gari linasimama. Kuhusu pedali, tangazo la muuzaji halina hata neno moja.

La kutisha zaidi ni kishimo cha nyuma ya pistoni, pale rodi inapokaa. Masta ya bila busta ina kishimo kirefu ili rodi isichomoke. Hii ya kwake ni kifupi, kama kisoda. Pedali ikirudi kwa kishindo rodi inaweza kuteleza ikatoka, na ukikanyaga tena unasukuma hewa. Fundi aliichomoa kwa vidole viwili mbele ya macho yangu.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu lilikuwa "utazoea tu bro". Nikamtumia picha ya venia, akaniblock.

Kama bado unataka kutoa busta, mwambie muuzaji akutumie kipenyo cha masta na picha ya hicho kishimo kabla hujatuma hela. Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Mimi nimerudisha busta yangu na kufunga pampu ya vakyumu ya umeme. Inapiga kelele kama blenda, lakini breki ninazo.

Jamaa ameshafungua ukurasa mwingine kwa jina jipya. Picha ni zilezile: masta iko juu ya zulia la bluu, pembeni kuna ndala ya kijani, mguu mmoja tu.