Kipima betri cha kidijitali kwenye gari la betri mbili: kinafaa, ila tenganisha kwanza

Karibuni watazamaji, hasa ninyi wa Fuso na Coaster ambao asubuhi ya Julai pale Uyole mnapiga stata, inagonga "ka!" halafu kimya. Leo mezani kuna hiki kipima betri kidogo chenye vibanio viwili, chekundu na cheusi. Je, kinaweza kukwambia ipi mbovu kati ya betri mbili? Kinaweza, ila wengi wanakibana vibaya na kuishia kutupa betri isiyo na ubovu.

Kosa kubwa ni kupima betri zikiwa bado zimeungana. Land Cruiser yenye betri mbili za volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kipima kinazisoma kama betri moja kubwa. Mbovu inajificha nyuma ya mwenzake, na usiku inamnyonya. Fuso ni volti 24, betri zimefuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Hapo ukibana ncha mbili za mwisho na kifaa chako ni cha volti 12 tu, unaweza kukiunguza. Kwa hiyo zima kila kitu, anza na waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi, ndipo ufungue ule unaounganisha betri.

Halafu zichaji zote mbili, uziache zipumzike saa kadhaa. Betri nzima itasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, chaji ni kama nusu, usiihukumu bado. Ile iliyolala kwenye chaja usiku kucha na bado imeganda 10.5, seli moja imekufa, maana kila seli ni kama volti 2.1.

Sasa kifaa kitakuuliza CCA, yaani ampia za kuwashia kwenye baridi. Hapa watu wanaona N70 kwenye betri wanaingiza 70. Hapana jamani! Hiyo 70 inahusu ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Tafuta CCA kwenye lebo, au chagua JIS, kiwango cha Kijapani, uingize msimbo wake kama 75D31. Ukikosea hapo, jibu lote ni takataka.

Kuna kitu kifaa hiki hakikuonyeshi, na mita ya kawaida inakuonyesha. Rudisha waya, washa Fuso, pima kila betri peke yake injini ikinguruma. Tuseme oltaneta inatoa volti 28.2, kila moja inapaswa kupata 14.1. Seli moja ikishoti, oltaneta haijui, inaendelea kutoa zilezile, seli 11 zilizobaki kati ya 12 zinagawana. Utaona ile mbovu 12.8, nyingine 15.4, na maji yake yanachemka. Zima injini, subiri kidogo, vaa miwani, sigara mbali, fungua vifuniko vya ile ya 12.8 uingize haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri. Seli tano zitakaribiana, moja itakuwa chini sana. Tofauti ikizidi 0.050, mwisho wa safari.

Lakini msikimbilie betri inayokauka maji! Mafundi wengi wanachukua umeme wa redio ya volti 12 kwenye betri moja tu, ile ya upande wa bodi. Hiyo inabaki na njaa siku zote, wakati mwenzake ameshashiba na bado anasukumiwa chaji. Anayechemka hapo ndiye mzima. Ukibadilisha yeye, mpya nayo itakauka vilevile. Funga konveta ya volti 24 kwenda 12, redio ichukue kwenye betri zote mbili.

Kama una gari moja, mita na haidromita vinakutosha, kifaa hiki si lazima. Kama una gereji pale Mwanjelwa au Makambako na magari yanapanga foleni, kinunue, kinaokoa muda, ila hakikisha kina JIS. Na kwenye volti 24, moja ikifa nunua zote mbili, aina moja, ukubwa mmoja. Ile nzima iliyobaki ifanyie kazi ya sola nyumbani au iuze.