Pingili ya uti wa mgongo iliyosogea na wiki 12 za tiba ya viungo: tathmini ya huduma niliyopata

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba pingili yangu ya tano ya kiuno imesogea mbele kwa kiasi kisichofika robo ya upana wake, hali ambayo madaktari huiita daraja la 1, nami nikaelekezwa kwenye tiba ya viungo badala ya upasuaji. Kabla ya kufika katika kliniki hii ya Upanga, Dar es Salaam, nilikuwa nimekwisha kumlipa mchuaji aliyeahidi kuirudisha pingili mahali pake. Mtaalamu wa hapa aliniambia siku ya kwanza kwamba mazoezi hayairudishi. Kazi ya mazoezi ni kuimarisha misuli ya ndani ya tumbo na ile midogo iliyoambatana na uti wa mgongo, ili iushike mgongo vizuri zaidi. Kwa kusema kweli hiyo kabla ya kupokea fedha zangu, alinipa imani.

Vipindi vilikuwa viwili kwa wiki. Alinilaza chali, magoti yakiwa yamekunjwa, akapitisha kiganja chake chini ya kiuno changu na kusema, "Mwalimu, kibonyeze taratibu, na usibane pumzi." Siku hiyo sikuweza, nilikaza shingo na mapaja, tumbo likabaki limelegea. Alichukua muda mrefu kuninyoosha misuli ya nyuma ya mapaja, ambayo kwa wengi wenye tatizo hili hukaza mno, na akanikataza kujipinda kwa nyuma, zoezi nililokuwa nikilifanya kila alfajiri nikiamini linanisaidia. Aliniuliza hata ninavyofagia uani, akanishauri niache fagio la chelewa nitafute lenye mpini mrefu.

Kasoro zipo, na zinaniumiza kwa sababu huduma yenyewe ni nzuri. Miadi haifuatwi: mara mbili nilisubiri zaidi ya saa nzima kwenye benchi lisilo na egemeo, ilhali wanaosubiri pale ni wagonjwa wa mgongo. Sikupewa karatasi ya mazoezi, ikabidi niyachore daftarini.

Sasa ninafundisha dakika 80 nimesimama bila maumivu kushuka mguuni, ingawa kubeba ndoo iliyojaa bado siwezi. Ninaipendekeza kliniki hii kwa mwenye hali kama yangu. Anayepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo asisubiri miadi yoyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kama mtaalamu alivyonisisitizia mimi.