Bushi, shokapu, springi au spesa: uanze na kipi?

Gari kama Vitz, Fielder au Premio iliyotumika Japani ikifika kwetu hukutana na matuta, rasta, mashimo na buti iliyojaa mizigo. Kabla hujafikiria kulinyanyua au kulifanya gumu, jua kwamba magari mengi yanayolalamikiwa kuwa "laini" au "yanagonga chini" yana vipuri vilivyochoka tu.

Ndiyo maana, nikipanga kazi za kufanya chini ya gari kuanzia ya muhimu zaidi, nafasi ya kwanza naipa isiyovutia macho: bushi (raba za kwenye maungio) za wishiboni, ile mikono inayoshika magurudumu, na za ekseli ya nyuma, stabilaiza linki (viungo vya chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), boli jointi (viungo vya mpira wa chuma) na mauntingi, yaani vishikizo vya juu vya shokapu. Bei yake ni ndogo na tofauti utaisikia kwenye usukani siku hiyohiyo. Ila simama karibu na fundi wakati wa kukaza. Bushi ya raba haizunguki, inajipinda. Bolti zake zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, gari likishuka bushi hubaki imejinyonga muda wote, na itachanika mapema hata kama ni mpya ya bei. Zikazwe uzito wa gari ukiwa umekaa kwenye matairi. Mafundi wengi huiruka hatua hii, nasi tunalaumu bushi.

Ya pili ni shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, kama KYB Excel-G. Nunua jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Springi ndiyo inayobeba gari; kazi ya shokapu ni kuituliza isiendelee kucheza baada ya tuta. Kwa hiyo gari lililokaa chini usitegemee linyanyuliwe na shokapu. Dalili za kuchoka ni mafuta yanayovuja kwenye mwili wa shokapu, gari kuyumbayumba baada ya shimo, na tairi kulika kwa mabaka. Shokapu za mtumba siwezi kumshauri mtu: ikiwa kavu kwa nje haikuambii kitu kuhusu vali za ndani. Na bandia ni nyingi, kwa hiyo nunua duka litakaloandika jina na namba ya kipuri kwenye risiti.

Springi nzito kidogo zinakuja nafasi ya tatu, kwa anayebeba abiria na mizigo karibu kila siku. Asiyebeba ataumia mgongo bure. Wenye Subaru Forester ya toleo la SG waangalie kwanza kama nyuma kuna shokapu zinazojinyanyua zenyewe. Ukiziondoa na kuweka za kawaida, badilisha na springi pia, kwa sababu za awali ni laini na hutegemea msaada wa shokapu zile. Usipofanya hivyo gari litakalia matako.

Spesa, kipande cha kunyanyua gari kinachowekwa juu ya mauntingi, ni ya nne. Ya inchi moja husaidia kweli kwenye tuta refu, na sina ugomvi nayo ikiwa imetengenezwa vizuri. Zaidi ya hapo pembe ya shafti zinazozungusha magurudumu hubadilika, na jointi zake hulika haraka. Zile raba za kubana katikati ya koili za springi achana nazo: huzuia koili mbili zisifanye kazi, mzigo unahamia kwa zilizobaki, na springi inaweza kukatika.

Koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, unazoweza kurekebisha urefu wake) na kushusha gari naziweka mwisho kwa anayeendesha mjini. Koilova nzuri ni ghali. Za bei rahisi ni ngumu na hazidumu kwenye vumbi na mashimo. Kukata springi ni hatari: gurudumu likining'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

Ukibadilisha chochote kati ya hivi, peleka gari alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu, kabla hujatembea mbali, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Gereji isiyoweza kukupa karatasi hiyo, nenda nyingine.