Vifaa vya Mazoezi ya Rivolva Bila Risasi: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayemiliki rivolva ndogo ya kujilinda na anayetafuta vifaa vya mazoezi hukutana na bidhaa nyingi ambazo zilibuniwa kwa ajili ya bastola za magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini), kisha zikatangazwa kana kwamba zinafaa kila silaha. Rivolva ina silinda inayozunguka, ina kifyatulio kirefu na kizito, na kuipakia upya ni kazi ya vidole, si ya kubadilisha magazini. Kwa sababu hiyo orodha ifuatayo imepangwa kwa kufikiria silaha moja inayopatikana kwa wingi Marekani, Smith & Wesson 642 inayotumia risasi za aina ya .38 Special, yenye matundu 5 na nyundo iliyofichwa ndani ya fremu. Mwenye Ruger LCR, rivolva ndogo ya kampuni nyingine, ataona kwamba karibu yote yanamhusu naye pia.

Bastola hiyo ikiwa tupu ina uzito wa takriban gramu 425, ilhali kifyatulio chake kwa kawaida hudai nguvu ya kilo 5 hivi kabla ya nyundo kuanguka. Kidole kimoja basi kinavuta kwa nguvu inayozidi mara 10 uzito wa silaha nzima, na kwa kuwa nyundo haionekani, mtumiaji hawezi kuivuta nyuma kwanza kwa dole gumba ili apunguziwe kazi. Mkono usiozoea huinamisha mtutu au kuusukuma kando kabla nyundo haijagonga. Kinachotibu kasoro hiyo ni kuvuta kifyatulio mara nyingi, kwa mwendo mmoja usiokatika, macho yakiwa yametulia kwenye nundu ya kulengea iliyo mbele ya mtutu. Kifaa kinachostahili fedha ni kile kinachosaidia kazi hiyo au kazi ya kupakia upya, na kinachovuta macho mbali na nundu hiyo kinapaswa kushuka nafasi hata kama kinavutia kiasi gani.

Kabla ya kununua chochote, tengeneza mahali. Risasi halisi zisiwemo kabisa ndani ya chumba cha mazoezi, silinda ifunguliwe na kila tundu likaguliwe kwa macho na kwa kidole, na upande unaolengwa uwe na kitu kinachoweza kuzuia risasi, kwa mfano ukuta mnene wa mawe au ndoo kubwa iliyojaa mchanga. Mazoezi yakikatizwa na simu au mgeni, ukaguzi uanze upya tangu mwanzo. Yakiisha, yaishe: hatari kubwa iko pale mtu anapoirudishia bastola risasi halisi kisha akatamani kuvuta mara moja ya mwisho.

Nafasi ya kwanza ninaipa risasi bandia za alumini, na zinazojulikana zaidi ni za A-Zoom. Zina umbo la risasi kamili, na kitakoni, mahali ambapo kiwashio kingekaa, zina kipande laini kinachopokea pigo la pini, yaani ncha inayogonga kiwashio nyundo inapoanguka. Watengenezaji wengi wa rivolva za kisasa, Ruger wakiwemo, huruhusu silaha zao za risasi zenye kiwashio cha katikati zifyatuliwe zikiwa tupu, lakini rivolva za zamani za Smith & Wesson zenye pini iliyofungwa kwenye nyundo yenyewe zinastahili kuhurumiwa, na kwa vyovyote risasi bandia zinahitajika kwa mazoezi ya kupakia. Pakiti moja Marekani huuzwa kwa dola 15 hadi 25 hivi. Kwa silaha ya matundu 5 ninashauri zipatikane 10, ili 5 ziwe ndani ya silinda na 5 ziwe tayari kwenye kipakizi, kifaa kinachoelezwa hapa chini.

Kasoro yake ni uzito. Risasi halisi ya .38 Special yenye kichwa cha grein 158 (takriban gramu 10) ina uzito wa takriban gramu 15, na ya alumini ni nyepesi zaidi kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo haishuki ndani ya tundu kwa haraka ile ile. Nyota inayosukuma maganda nje nayo hukwaruza ukingo wa alumini taratibu. Baada ya vipindi kadhaa fungua silinda, sukuma kijiti cha kutolea maganda, uangalie chini ya nyota kwenye mwanga mzuri: utaona vumbi la fedha limejikusanya. Vumbi hilo likiachwa, nyota haikai sawasawa, silinda inakaza, na mtu anadhani silaha imeharibika ilhali inahitaji mswaki mkavu tu. Risasi bandia za plastiki zina tatizo hilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa ukingo wake huvunjika na vipande hubaki humo humo. Bei yake ni nafuu, lakini sizipendekezi kwa rivolva.

Nafasi ya pili ni vipakizi, yaani vile vifaa vinavyoshika risasi zote kwa pamoja ili ziingie kwenye silinda mara moja. HKS, wanaotoa modeli ya 36 kwa fremu ndogo ya Smith & Wesson, hutumia kitasa cha kuzungusha; Safariland wana aina inayoachia risasi kwa kusukumwa. Cha HKS huvumilia mfukoni na hakiachii risasi ovyo, ila kinadai mzunguko wa vidole ambao chini ya haraka hukosewa, na ndiyo maana kinafaa kufanyiwa mazoezi mengi zaidi. Utepe wa mpira unaoshika risasi kwa mstari, kama ule wa Bianchi, ni mwembamba na hukaa vizuri katika mfuko wa suruali, lakini risasi huingizwa mbilimbili. Nunua kile utakachobeba kweli. Kufanya mazoezi na kipakizi ambacho hubaki nyumbani ni kupoteza jioni zako.

Hapa pia ndipo maganda matupu yaliyokwisha kutumika yanapopata kazi yake. Mtutu wa 642 una urefu wa chini kidogo ya sentimita 5, na kijiti cha kutolea maganda ni kifupi kiasi kwamba hakiwezi kusukuma ganda la .38 hadi mwisho. Ukikibonyeza polepole huku mtutu ukitazama chini, ganda moja litabaki limening'inia. Jifunze kuelekeza mtutu juu na kukipiga kijiti kwa kiganja pigo moja la nguvu, ukitumia maganda matupu, kwa sababu hayo ndiyo utakayoyatoa siku ya kweli. Yapake rangi nyekundu kitakoni ili yasichanganyike na risasi halisi, wala usiyategemee kulinda pini, kwa kuwa kiwashio kilichokwisha kugongwa tayari kina shimo.

Nafasi ya tatu haihitaji fedha nyingi: programu ya simu inayopiga mlio, kisha mlio wa pili baada ya muda uliouchagua. Itumie baada ya mvuto wako kuwa safi, si kabla. Sarafu iliyolazwa juu ya nundu ya mbele, ambayo haipaswi kuanguka nyundo inapogonga, ni kipimo kizuri zaidi kwa anayeanza, ingawa juu ya nundu nyembamba ya rivolva ndogo huenda ukahitaji mtu wa kukuwekea.

Miale ya leza ndiyo inayovutia wanunuzi wengi, na ndiyo ninayotaka waifikirie kwa makini. Kuna leza yenye umbo la risasi, inayowaka pini inapoigonga. Katika bastola ya magazini inakaa mahali pamoja. Katika 642, kila ukivuta kifyatulio silinda huzunguka kwenda tundu linalofuata, kwa hiyo leza moja itawaka mara moja katika mivuto 5, isipokuwa ununue 5 kwa bei ambayo inazidi kila kitu kilichotajwa hapo juu. Leza inayochomekwa mdomoni mwa mtutu na kuwashwa na mtikisiko wa nyundo haina shida hiyo, na ukiwa na fedha za ziada hiyo ndiyo ya kuchagua. Ina faida nyingine: ikiwa imechomoza mbele, yeyote anaona kwamba silaha iko kwenye mazoezi. Lakini ihesabiwe na kuondolewa kabla risasi halisi hazijaingia chumbani. Ubaya wa leza zote ni kwamba jicho hukimbilia nukta nyekundu ukutani na kuacha nundu ya kulengea, basi itumie kwa dakika chache za kukagua tu.

Vihisi vya kupima mtikisiko, kama Mantis, vinaweka wazi mkono ulikoteleza, na kwa bastola yenye reli chini ya mtutu, yaani mfuo wa kufungia vifaa, ningevipandisha juu sana. Rivolva ndogo kwa kawaida haina reli. Kabla ya kulipa, hakikisha kuna njia ya kukifunga kwenye modeli yako hasa.

Mwenye rivolva ya risasi ndogo za .22 asichukulie ruhusa ya kufyatua silaha tupu kuwa inamhusu. Katika risasi hizo kiwashio kiko ukingoni, na katika silaha nyingi pini hupiga ukingo wa chuma wa tundu na kuuponda. Asome kijitabu cha silaha yake kwanza.

Kwa wenye leseni nchini Kenya, ambako silaha za raia zinasimamiwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, usiagize risasi bandia kutoka ng'ambo kabla ya kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha na kupata jibu la maandishi. Kitu chenye umbo la risasi ndani ya kifurushi kinaweza kueleweka vibaya na afisa wa forodha, na karatasi iliyotangulia mzigo ni rahisi kupatikana kuliko maelezo yanayotolewa baada ya mzigo kuzuiwa.