Sakafu ya trela iliyooza: umimine epoksi au ukate ubao?

Trela nyingi za kulala, zile zinazokokotwa na gari huko Marekani, zina sakafu ya plaiwudi. Maji yakipenya kwenye kona ya dirisha au kiungo cha paa, hushuka ndani ya ukuta na kutuama chini. Siku moja unakanyaga, sakafu inabonyea kama godoro. Ziba kwanza panapovuja, ndipo uamue.

Epoksi ya kugandisha mbao, yaani gundi ya majimaji inayoganda, ni kazi nyepesi: unatoboa vitundu, unamimina, ubao unainywa kisha inakuwa ngumu. Inafaa eneo dogo, tuseme la ukubwa wa sahani, tena pakiwa pamekauka kabisa. Wengi hukosea hapo. Ubao wenye unyevu hauinywi vizuri. Unafungia maji ndani, na kuvu inaendelea kula.

Kukata ni jasho. Unang'oa zulia, pengine na kabati, kisha unapima kina cha msumeno kilingane na unene wa ubao, usije ukakata mihimili, mabomba au nyaya zilizo chini. Chokoa kwa bisibisi ukitoka penye uozo, mpaka ufike ubao unapogoma. Ukishavuka hapo, tafuta mhimili ulio karibu ukatie juu yake, maana kingo za ubao mpya zinahitaji pa kukalia.

Mimi, bisibisi ikizama, nakata bila kusita. Watoto hulala juu ya sakafu hiyo, na harufu ya uvundo haifichwi na epoksi.