Maua ya kivulini: niliyoyanunua, yaliyokufa na yaliyobaki

Uani kwangu, Mbezi, Dar es Salaam, kuna mwembe dodo niliukuta nilipohamia. Kivuli chake ni raha kwa watu, lakini nyasi hazioti chini yake. Mwaka juzi nikaamua pawe na maua. Mpaka leo nimetumia kama shilingi 250,000, na karibu nusu ya hela hiyo imekufa mikononi mwangu.

Mara ya kwanza nilinunua kwa macho. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, maua yametoka kumwagiliwa, yanang'aa. Kijana muuzaji akaniuliza, "Mama, unapenda rangi gani?" Hakuuliza yanakwenda kukaa wapi, nami sikumwambia. Nikaondoka na bogenvilia mbili, iksora nyekundu tano, na haidrenjia moja ya bluu kwa 25,000. Hiyo haidrenjia niliinunua kwa sababu ya shangazi yangu wa Lushoto, ambaye anazo mlangoni kwake pote na wala hahangaiki nazo. "Hili halisumbui, we mwagilia tu," kijana akanihakikishia.

Bogenvilia zilirefuka. Zikatoa matawi marefu yenye miiba yakiutafuta mwanga, majani tele, ua hata moja. Sizilaumu, ni mimea ya jua. Nimezihamishia getini na sasa zinachanua hadi majirani wanaomba vipandikizi.

Haidrenjia ilinisikitisha zaidi. Kila saa saba mchana majani yalilegea kama kanga iliyolowa, jioni yakasimama tena. Nikawa namwagilia mara mbili kwa siku, nikidhani ni kiu. Wiki ya tatu ikalegea na haikusimama. Baadaye ndipo nikaelewa: Lushoto iko mlimani, usiku kuna baridi, na mmea ule unautaka ubaridi huo ili utunge maua. Joto la Dar la usiku haliupi nafasi. Kivuli peke yake hakitoshi.

Iksora zilinifundisha mambo mawili. Kwanza, kiriba, yaani ule mfuko wa plastiki wa mche. Nilipokichana, udongo wa miche mitatu ukamwagika wote kama sukari, mizizi ikabaki midogo kama ya mchicha. Ilikuwa miche michanga, imehamishiwa juzi tu kwenye kiriba kikubwa ili bei ipande. Siku hizi, kabla ya kutoa hela, nashika shina na kulinyanyua taratibu. Likija na udongo wake, sawa. Likianza kuchomoka, narudisha.

Pili, mwembe wenyewe. Nilichimba mashimo karibu na shina, jembe likawa linagonga mizizi minene kama kidole. Nikaikata, nikajaza samadi, nikapanda. Miezi mitatu baadaye, nilipong'oa iksora iliyokauka, nilikuta shimo limejaa vizizi vyembamba vya mwembe, vimesukana kama nywele. Samadi yangu imeliwa na mwembe! Na mvua ndogo ikinyesha, majani ya juu yanaidaka karibu yote. Kumbe pale mmea unakufa kwa kiu kabla ya kufa kwa kukosa jua.

Mara ya pili nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza miche yake chini ya mti wa mkungu. Yeye aliuliza, "Jua linafika hapo saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niende kwanza nikaangalie, na siku hiyo hakuniuzia kitu. Nilirudi nyumbani nimenuna kidogo, lakini nikaangalia: saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi. Nikakuta nina vivuli vitatu. Shinani jua halifiki kabisa. Pembeni, matawi yanapoishia, kuna mwanga wa kuchujwa na jua la asubuhi mpaka kama saa nne. Cha tatu ni ukuta wa nyuma, unaotazama kusini.

Huo ukuta ndio wa kuwa nao makini. Nilipouangalia mwezi wa saba ulikuwa kivulini siku nzima. Lakini hapa Dar, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua la mchana huhamia upande wa kusini, na ukuta ule ule unachomwa kwelikweli. Yule mama alilijua hilo bila kuambiwa. Akanipa pale Thunbergia erecta, kichaka chenye maua ya zambarau na koo la njano, kinachovumilia kote kuwili. Vitatu, 6,000 kila kimoja, na vyote vipo.

Pembeni mwa mwembe nimepanda Pachystachys lutea nane, ambazo yeye anaziita mishumaa. Kila tawi linamaliza na kitu cha njano kilichopangana kama magamba, kimesimama wima, na vijiua vyeupe vinachungulia katikati. Vyeupe vinadondoka baada ya siku chache, njano inabaki wiki kadhaa. Kati ya vyote nilivyonunua, hivi ndivyo vilivyolipa. Vimekufa viwili tu, na ni vile nilivyovimwagilia kwa maji ya kisima chetu yenye chumvi. Kingo za majani zilianza kuungua kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Alinionyesha pia Brunfelsia, lile ua linalofunguka zambarau, kesho yake likafifia, keshokutwa likawa jeupe, yote kwenye kichaka kimoja. Nilitamani. Lakini ni sumu kwa mbwa, hasa mbegu zake, na mbwa wetu hutafuna hata ndara. Nikaliacha.

Kitu kingine kilichosaidia hakikugharimu hata senti: nimeacha kufagia majani ya mwembe. Nayarundika kwenye mashina ya maua kama matandazo, unyevu unakaa. Mama mkwe alipokuja aliuliza kama siku hizi hatuna fagio.

Shinani kabisa sijapanda chochote ardhini. Nimeweka ndoo mbili kubwa zilizotobolewa chini, zina mishumaa, na kila baada ya wiki tatu nazibadilisha na zile za pembeni zikapumzike kwenye mwanga. Ni kazi, sikatai.

Kile kitalu cha barabarani sirudi kwa ajili ya kivuli, ingawa kwa maua ya jua bei zake ni nzuri. Kwa yule mama nitarudi kununua Thunbergia. Mishumaa sitanunua tena: nimekata vipandikizi kumi na viwili, viko kwenye makopo ya maziwa karibu na karo, na tisa tayari vina majani mapya.