Makumbusho ya Olduvai: usipite tu ukikimbilia Serengeti

Dereva wetu alitupa dakika 40, eti twiga wanatusubiri Serengeti. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nikamwambia twiga hawana saa, kijana, tulia.

Wengi huja kwa ajili ya Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana bondeni hapo mwaka 1959. Mimi nilinasa kwenye nakala ya nyayo za Laetoli, eneo lililo kusini mwa bonde hilo, za miaka zaidi ya milioni 3.6. Watu hutazama nyayo za mababu zetu, wakapiga picha, wakaondoka. Lakini majivu ya volkano yaliyohifadhi nyayo hizo yalihifadhi pia alama za kanga, sungura, tembo, hata matone ya mvua. Matone ya mvua, jamani!

Tukiwa ukingoni mwa bonde, kijana aliyetuongoza alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha. Mifupa ya mamba na viboko inaonyesha palikuwa na ziwa, hapo ambapo leo ni vumbi na mkonge pori. Meno ya jamii ya swala nayo yana habari: marefu ni ya walaji wa nyasi, mafupi ya wala majani laini ya vichaka. Ukihesabu yapi ni mengi, unaanza kujua kama ilikuwa mbuga au msitu.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu maandishi mengine ni marefu mno kwa mtoto wa darasa la tano. Mjukuu wangu alichoka akaenda kucheza na mawe. Bebeni kofia, jua la pale halina huruma.